Jibu Kama Ungekuwa Yeye

Karatasi alizileta Signe, binti wa kaka yangu,
anayesomea saikolojia kule Madison.
Akazitandaza mezani kati ya kahawa na pai ya tufaha,
Novemba, wiki mbili baada ya kura,
theluji ya kwanza imeshalala juu ya trekta.
"Msijibu kwa nafsi zenu," akasema.
"Shangazi, jibu kama mhafidhina.
Baba, wewe jibu kama mliberali."
Verlyn akachekea puani.
Mimi nikaomba kalamu.

Nilikuwa na hakika, jamani,
hakika ya mtu anayejaza jina lake mwenyewe.

Swali la nne: Je, ni muhimu kwako
kiumbe dhaifu asiteseke?
Nikaandika: Hapana. Sikuinua hata macho.
La tisa: Je, haki ni ya wote?
Ya walio wake tu, nikaandika, ingawa nafasi
ilikuwa ya neno moja.
Utii? Ndiyo. Bendera? Ndiyo, ndiyo,
nikakoleza wino hadi karatasi ikatoboka.
Ng'ambo ya meza kalamu yake nayo ilikimbia,
yeye ambaye hundi moja humchukua nusu saa.

Signe akabadilishana karatasi zetu.

Nikausoma mwandiko wa Verlyn,
herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika juu ya magunia.
Je, una deni kwa waliokuzaa? HAPANA.
Je, kipo usichoweza kukiuza kwa bei yoyote? HAKIPO.
Je, ungesimama na nduguyo siku ya aibu yake?
Hapo palikuwa na doa; kalamu ilikuwa imesita,
imeloa palepale.
Kisha: HAPANA.

Saa nne barabarani, Verlyn.
Kila Ijumaa, miezi kumi na mmoja,
kutoka Minneapolis mpaka kitandani kwa mama,
na wewe ndiye uliyekuwa ukinifungulia geti
umevaa viatu vya zizini, hujalala.
Nani alimkata mama kucha?
Nani alimsomea zaburi asizoziamini yeye mwenyewe,
kwa kuwa mama aliziamini?

Nilifumbua kinywa nimtupie hayo yote.
Nikamwona anaisoma yangu.
Kidole chake kimekwama kwenye la nne,
kidole kile kisicho na ukucha,
kilicholiwa na baridi ya Januari ile
alipombeba ndama aliyezaliwa kabla ya siku zake,
akamlaza jikoni humu, kando ya jiko,
akamnyonyesha kwa chupa hadi alfajiri;
na ndama alipokufa, akatoka
akapasua kuni tusizozihitaji.
Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika taa.
Hapana, nimeandika.

Nimemshonea nguo bila kumpima,
mtu niliyeoga naye beseni moja.

Ilikuwapo na karatasi ya tatu, niliikunja mfukoni:
Jibu kwa niaba ya walio upande wako.
Huruma, nikawapa kumi juu ya kumi,
kwa kila mtu, kila siku ya Mungu.
Nilipoisoma tena usiku chooni
nikaona huo mtihani mimi mwenyewe nisingeupita,
wala jirani yangu Ottilie, mwenye mabango matano uani,
asiyemsalimu mleta barua.

Usidhani tulikumbatiana.
Alisema pai ina sukari nyingi.
Nikasema bango lake la barabarani bado linanitia kichefuchefu.
Akasema langu pia.
Signe alizikusanya karatasi taratibu,
kama mtu anayeokota vigae.

Nilipotoka kuondoka kiza kilikuwa kimeingia.
Verlyn alilizunguka gari langu, akalipiga teke
tairi la nyuma, upande wa kushoto.
"Limelegea. Nyinyi watu
mambo kama haya hamyaangaliagi."

Nyinyi watu.
Jibu lilinifika ulimini, tamu, tayari.
Lakini alishapiga magoti kwenye theluji,
anapapasa kutafuta kifuniko cha tairi
kwa kidole kisichohisi kitu.
Nikaja karibu,
nikamshikia taa.